Sikukuu ya Baamedi ni Lini?

Nimechoka na orodha za viwanja. Ikifika Krismasi, Pasaka au Idd, magazeti na kurasa za mitandaoni zinaimba wimbo mmoja: wapi pa kula bata, nani anapiga muziki, kiingilio kiasi gani, kiwanja gani kipya kimefunguliwa Masaki chenye taa za zambarau na choo cha kupigia picha. Mimi ni mwandishi wa habari, najua zinavyopikwa. Meneja anakuwekea mbavu na bia mbili tatu, anakutembeza mpaka jikoni, kesho yake anasoma sifa zake.

Naishi Pugu, ambako ramani za bata hazifiki. Huishia Sinza, zikijikaza zinagusa Kinondoni na Temeke. Basi huku tunao mnada wa ng'ombe, nyama choma hatuitafuti mbali, na tangu Juni 2024 treni ya SGR inabeba abiria, kituo cha kwanza ukitoka mjini ni chetu. Baa mpya nazo hazikauki: mabati, viti vya plastiki, spika kubwa kuliko kaunta. Lakini siombi Pugu iingizwe kwenye orodha. Tukiingizwa, tutaandikwa vilevile.

Hebu zisome tena hizo makala. Hakuna mtu anayefanya kazi mle. Bia inajileta mezani yenyewe, meza inajifuta. Eti sikukuu! Sikukuu ya nani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka anayefanya kazi siku ya sikukuu ya taifa alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Inasema pia kwamba usiku ni kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Muulize baamedi yeyote unayemfahamu kama aliwahi kuiona hiyo nyongeza. Atacheka, halafu atakuuliza unaongeza nini. Yeye anachokijua ni makato: glasi ikivunjika ni yake, mteja akitoroka na bili ni yake.

Sasa nyie wapenzi wa fasihi msijifiche nyuma yetu sisi wa magazeti. Riwaya zetu za mjini zimejaa baa. Willy Gamba wa Elvis Musiba anapita humo akiwinda maadui, na Ben Mtobwa alilipa jiji hili kitabu kizima, *Dar es Salaam Usiku*, mwaka 1990. Navipenda vitabu hivyo, na vijitabu vingine vingi vya miaka ile vilivyouzwa barabarani. Ila katika vingi nilivyosoma baamedi ana kazi mbili tu: kuleta bia akiwa amesifiwa umbo, au kumponza mwanamume wa watu. Akishamponza, ukurasa unafungwa. Alilala wapi usiku ule, mtoto alimwachia nani, hakuna aliyejali kuuliza.

Wanamuziki angalau tumewatunza. Mlimani Park iliyoanza 1978 ina wasimulizi wake mpaka leo, na Alex Perullo ametoa kitabu kizima, *Live from Dar es Salaam*, mwaka 2011, juu ya muziki wa jiji hili. Watu wanabishana mpaka asubuhi nani alipiga solo DDC Kariakoo. Aliyebeba kreti usiku huohuo hana jina.

Mnaona ni jambo dogo? Juni ileile ya 2024 wanawake walikamatwa usiku Sinza na kufikishwa mahakamani kwa madai ya ukahaba. Nilisoma maoni ya watu mitandaoni nikashangaa jinsi yalivyokuja yameshaiva: mwanamke, usiku, karibu na baa, basi kesi imekwisha. Hukumu hiyo haikuzaliwa siku ile. Imeandikwa na kusomwa miaka hamsini, sehemu yake kwa Kiswahili kizuri sana.

Mhariri mmoja, nilipompelekea wazo la makala ya sikukuu kutoka upande wa wahudumu, alinijibu kwamba wasomaji hawataki huzuni Desemba. Nani kasema ni huzuni? Baamedi ndiye msimulizi bora kuliko sisi wote. Anajua nani anaagiza kwa mikogo na kulipa kwa mkopo, diwani gani hunywa soda hadharani, ndoa ipi inavunjikia meza ya pembeni. Anajua daladala ya mwisho kwenda Gongo la Mboto inapita saa ngapi, kwa sababu akiikosa, bodaboda inakula alichopata siku nzima.

Hapa Kajiungeni yuko mmoja nimemwomba anisimulie. Amekubali, kwa masharti: nije Jumatatu, siku yake ya mapumziko, nisije na kamera, na soda nitanunua mimi.