Ulimi na kalamu: tuandikishane madeni yetu

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), aliyemuumba mwanadamu na kumfundisha kubainisha yaliyomo moyoni mwake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake na sahaba zake.

Kila aliyehudhuria maziko katika miji yetu anaijua saa ile. Jeneza limekwisha kuwekwa mbele, safu zimenyooka, na kabla imamu hajaleta takbira ya kwanza, mmoja wa jamaa za marehemu husimama na kutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu aende kwa familia. Tangazo hilo ni la kheri. Yanayofuata baada ya siku chache, mara nyingi si ya kheri. Huja mtu akasema kuwa alimkopesha marehemu shilingi milioni mbili. Karatasi hana. Shahidi hana, au shahidi naye ametangulia mbele ya haki. Watoto hubaki wakitazamana: wakilipa, huenda wanatoa mali ya mayatima kwa maneno ya uongo, wasipolipa, huenda baba yao amelala kaburini na deni shingoni.

Msiba huu wa pili ndio uliotufanya leo tuseme juu ya ulimi na kalamu.

Kusema ni katika maumbile ya mwanadamu. Hakuna mama aliyemwandikia mwanawe ubaoni ili ajue kuomba maji. Mtoto husikia, akaiga, akasema. Hatujui umma wowote duniani usiokuwa na lugha. Kuandika sivyo. Kuandika kwataka mwalimu, na kaumu nyingi ziliishi na kuondoka bila ya kuandika hata herufi moja. Nayo Qur'ani Tukufu imezitaja neema hizi mbili kila moja mahali pake: katika Suratur-Rahman, kufundishwa mtu kubainisha kumetajwa papo hapo baada ya kuumbwa kwake, katika Suratul-Alaq imetajwa elimu ipatikanayo kwa kalamu.

Wataalamu wa mambo ya kale wanatueleza kuwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayojulikana ni vibao vya udongo vilivyofukuliwa Uruk, katika nchi ambayo leo ni Iraq, vyenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Vingi katika vibao hivyo si mashairi wala habari za wafalme. Ni hesabu: shayiri kiasi gani, kondoo wangapi, nani kapewa nini. Mwanadamu aliridhika kuimba, kusimulia na hata kuposa kwa ulimi. Alipofika penye mali ndipo alipoona kuwa ulimi haumtoshi.

Basi tusistaajabu kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ni aya ya deni. Ndani yake waumini wanaamrishwa kuliandika deni la muda maalumu, liwe dogo au kubwa, wala wasichoke. Mwandishi asikatae kuandika. Na washuhudishwe mashahidi. Liko jambo moja humo ambalo wengi hulipita haraka. Anayetakiwa kutamka, ili mwandishi aandike, si mdai. Ni yule mwenye kudaiwa. Akiwa dhaifu au hawezi kutamka, walii wake atamke kwa uadilifu. Maandishi hayo, kwa hiyo, ni kauli ya mdaiwa mwenyewe iliyofungwa kwenye karatasi, na mashahidi wamemsikia. Ulimi na kalamu vimewekwa pamoja, kila kimoja kikimlinda mwenziwe.

Wako wanaosema: wazee wetu walikuwa watu wa neno, hawakuandikiana. Tunawakumbusha vita vya Yamama, mwaka wa 12 Hijria. Walipouawa wengi katika waliohifadhi Qur'ani, Sayyidna Umar alimshauri Sayyidna Abu Bakr ikusanywe katika maandishi. Kazi hiyo akapewa Zaid bin Thabit, aliyekuwa mwandishi wa wahyi. Zaid aliiona nzito kuliko kuhamisha mlima, kisha akaifuatilia katika makuti, katika mawe na katika vifua vya watu. Wale walikuwa na hifadhi ambayo sisi hatuna hata chembe yake, na bado wakaandika. Sisi tunaosahau tulichonunua jana tunaona haya kuandikishana!

Na haya hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe. Mtu akimwomba nduguye waandikiane, huambiwa, "Kwani huniamini?" Aya ile haikuwasemesha wezi. Imewasemesha walioamini.

Wengine hutosheka na ujumbe wa simu unaoonyesha kuwa fedha zimetumwa. Ujumbe huo hausemi kama fedha zile ni mkopo, zawadi, au malipo ya deni la zamani. Na liko deni linalosahauliwa zaidi, nalo ni mahari iliyotajwa siku ya nikahi ikaahirishwa. Mjane huona aibu kuitaja mbele ya mashemeji, hali ya kuwa ni deni kama madeni mengine, na deni hutolewa kabla ya mirathi kugawanywa.

Imepokewa na Bukhari kwamba liliposogezwa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari tatu na hakuacha kitu, Mtume (SAW) aliwaambia sahaba wamsalie mwenzao, mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile ndipo akamsalia. Dinari tatu! Na katika Hadithi ya Ibn Umar, Mwislamu mwenye kitu cha kuusia hafai kulala masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa, uko kwake.

Haihitajiki gharama. Daftari la shule latosha: jina la mdai na la mdaiwa, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kukopa na ya kulipa, na saini za mashahidi wawili. Likae mahali ambapo mke na mtoto mkubwa wanapajua. Asiyejua kuandika atamke mbele ya mwalimu wa madrasa au mbele ya kijana wake, kisha asomewe yote tena, kwa sauti, kabla hajatia dole gumba.