Maziwa ya Mama Hayakauki, Twayakausha Sisi

Mwanamke wa kisiwa cha Ndau, Lamu, akijifungua, siku ya tatu haijatimu chumba kimeshajaa wageni. Kitoto kikilia mara mbili, hukumu imepita: "Mzazi huyu hana maziwa." Kinaletwa kijiko cha maji ya jabia, kisha chupa ya maziwa ya kopo. Wiki chache baadaye titi limekauka kweli, nao waliohukumu wanajisifu: si tulisema?

Mimi nasema wao ndio waliolikausha.

Amri ya maziwa haitoki kwenye supu ya pweza wala uji wa pilipili manga. Mzazi na anywe, apate nguvu; lakini amri hutoka kichwani. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, hutoa homoni ya prolaktini, nayo ndiyo huliamuru titi litengeneze maziwa. Siku zote ubongo huizuia homoni hiyo kwa kemikali yake, dopamini. Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu hupeleka habari kutoka chuchuni hadi ubongoni: dopamini hupungua, prolaktini hupanda, hasa usiku. Kila chupa inayochukua zamu ya titi huiacha dopamini ikizuia.

Homoni ya pili, oksitosini, ndiyo huyasukuma maziwa nje. Hofu na fadhaa huizuia. Basi mwanamke akiambiwa mbele za watu kwamba hana maziwa, maneno hayo yenyewe yaweza kuyafungia ndani.

Mtasema: joto hili, mtoto ana kiu. Karibu asilimia 87 ya maziwa ya mama ni maji, tena hayahitaji kuchemshwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linahimiza titi peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, kuanzia dang'a, yale maziwa ya kwanza ambayo ni machache, lakini tumbo la mtoto nalo ni dogo.

Wapo wazazi wachache wenye upungufu wa kweli, kama aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua. Huo hubainishwa na mizani ya zahanati na nepi zisizolowa. Kilio peke yake si ushahidi.

Enyi mama wakwe, mashangazi, nanyi akina baba: mkiingia chumbani kwa mzazi, mpokeeni nguo za kufua, mpikieni, kisha mwacheni na mwanawe kifuani usiku na mchana. Chupa ibaki dukani.