Goroli za kienyeji hazilindi shamba

Mkoani Simiyu, katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na mapori ya akiba ya Maswa na Kijereshi, mahindi yakishakomaa mkulima huwa na kazi mbili. Mchana analima au anavuna, usiku anakesha akisubiri tembo. Kundi moja likiingia shambani usiku mmoja, chakula cha mwaka mzima kinaweza kwisha kabla ya alfajiri.

Katika hali hiyo si ajabu kwamba gobore bado lina wateja. Bunduki hiyo hutengenezwa na wahunzi wa vijijini, na goroli zake hutengenezwa kwa chochote kilichopatikana: risasi iliyotolewa kwenye betri chakavu za magari, vipande vya nondo, misumari iliyokatwa, hata vyuma vya baiskeli. Zipo za duara, za pembe nne na zisizo na umbo lolote la kueleweka. Wanaozitumia huamini kwamba kipande chenye kona huumiza zaidi.

Imani hiyo ina gharama, na mkulima anapaswa kuipigia hesabu kama anavyopiga hesabu ya mbegu au dawa ya pamba.

Mtutu wa gobore ni laini ndani, hauna mikato ya kuizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Kipande chenye kona kikitoka humo hupinduka-pinduka hewani, hupoteza kasi na kwenda kisikotarajiwa. Mtutu wenyewe mara nyingi ni bomba ambalo halikutengenezwa kuhimili mlipuko, hivyo chuma kikikwama unaweza kumpasukia aliyeushika. Hata kikifika kwa tembo, mnyama mwenye uzito wa tani kadhaa na ngozi nene hujeruhiwa tu. Tembo mwenye jeraha hakimbii kila mara. Wakati mwingine humgeukia mtu, au hurudi kijijini siku nyingine akiwa mkali zaidi, akakutana na mama aendaye kisimani ambaye hakufyatua chochote.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana. Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa madini na kwa kinachotoka kwenye bunduki, lakini madini hayo hudhuru hata pasipo bunduki. Betri ikivunjwa na kuyeyushwa uani, vumbi na moshi wake huingia kwenye udongo wanakochezea watoto na kwenye vyombo vya jikoni. Shirika la Afya Duniani limeshaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba kwa mtoto madhara yake huenda kwenye ubongo.

Kisha ipo sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimtambui mtu anayejitengenezea silaha uani kwake. Mkulima aliyekamatwa na gobore karibu na mpaka wa hifadhi atapata shida kumshawishi yeyote kwamba alikuwa akilinda mahindi. Akikutwa na nyara za Serikali, ajue wapo waliohukumiwa miaka 20 jela kwa kosa hilo. Ng'ombe watauzwa kulipa wakili, na msimu unaofuata shamba litalimwa na mke na watoto peke yao.

Hata hivyo, kumlaumu mkulima peke yake si haki. Chukulia mwenye ekari 3 za mahindi, akitarajia magunia 8 kwa ekari na bei ya Sh60,000 kwa gunia. Mali yake ni Sh1,440,000. Kanuni za mwaka 2011 kuhusu uharibifu wa wanyama wakali ziliweka kifuta jasho kisichozidi Sh100,000 kwa ekari, mwisho ekari 5, na shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani halikupewa kitu. Kwa viwango hivyo mkulima huyo angepata Sh300,000 kwa kiwango cha juu kabisa, tena baada ya kusubiri. Anayedai leo aulize kwanza viwango vinavyotumika kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri yake, lakini jina la malipo lenyewe linaeleza: ni kifuta jasho, si fidia.

Kwa hiyo nguvu ielekezwe kwenye kuzuia. Tochi zenye mwanga mkali, honi na moshi wa pilipili zimekuwa zikitumiwa na vikundi vya doria vya vijiji nchini, na gharama yake ikigawanywa kwa kaya 20 au 30 haimtishi mtu. Usukuma, ulikozaliwa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, haufundishwi namna ya kukesha kwa zamu.

Njia nyingine ni uzio wa mizinga ya nyuki. Huko Sagalla nchini Kenya, jirani na Tsavo Mashariki, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba katika misimu ya mazao hadi asilimia 86 ya tembo waliosogelea mashamba yenye uzio huo walizuiwa. Asali nayo huuzwa. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba ukame ulipunguza nyuki mizingani pamoja na asali, na Simiyu inaujua ukame. Atakayepeleka mizinga Meatu bila kufikiria maji ya nyuki atakuwa amepeleka masanduku matupu.

Wahunzi nao wasisahauliwe, kwa sababu wao hufuata soko. Mkoa huu unalima kwa ng'ombe, na kila msimu majembe ya kukokotwa huvunjika, minyororo hukatika na mikokoteni hukosa ekseli. Halmashauri zinazotoa mikopo kwa vikundi vya vijana zingeweza kuwapa wahunzi mashine ya kuchomelea na tanuri la kufaa, na kazi ingekuwapo tangu mvua za kwanza mpaka mavuno.

Kwa wenye magobore, Serikali imewahi kutoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, ukiwamo wa Septemba na Oktoba 2023. Nafasi nyingine ikitangazwa, viongozi wa vijiji waitangaze minadani, siku ambayo kila mtu yupo.