Choo Hakitunzi Siri

Kuna imani tuliyoibeba kutoka Mombasa, Kigoma, Bukavu na Dar es Salaam hadi kwenye maghorofa ya Jordbro, karibu na Stockholm, nayo hatujawahi kuihoji: kwamba mwanamke mwenye heshima haachi pedi iliyotumika ndani ya nyumba hata kwa saa moja. Aitumbukize chooni, avute maji, mambo yaishe. Mama humwambia binti, wifi humwambia wifi. Binti aliyezaliwa hapa Uswidi, ambaye hajawahi kuona choo cha shimo, anaipokea kama sehemu ya dini na malezi mema.

Imani hiyo si kweli, na inatudhuru. Choo hakitunzi siri ya mtu. Kwa anayeishi katika jengo la kupanga, hakuna mahali pabaya zaidi pa kuiweka siri hiyo.

Tuanze na bomba. Maghorofa mengi ya Jordbro ni ya miaka ya 1960 na 1970, enzi ambayo Uswidi ilijiwekea lengo la kujenga nyumba milioni moja ndani ya miaka kumi. Vyoo vya fleti zilizopandana humwaga majitaka katika bomba kuu moja. Pedi ya siku hizi ina plastiki upande wa chini, nyuzi katikati, na chembe zinazonywa maji na kugeuka jeli. Imetengenezwa ili inyonye na isiachie. Ukiitia majini inavimba, haiyeyuki. Ikinasa kwenye kona ya bomba inakusanya mafuta, nywele na karatasi, mpaka njia inafunga. Hapo majitaka ya walio juu hayana pa kupita ila kufumuka kwenye choo na bafu la aliye chini. Mama wa fleti ya chini, ambaye hakutupa chochote, ndiye anayeamka na kukuta sakafu imejaa uchafu wa jirani zake. Fundi anapokuja na waya wake, kinachotoka bombani kinaonwa na yeyote aliyesimama ngazini. Tena mwenye nyumba akithibitisha kwamba mpangaji alizembea, sheria ya upangaji ya Uswidi inamruhusu kumdai fidia. Aliyetaka jambo lake lisijulikane na mume wala shemeji amelifikisha kwa jengo zima.

Sasa tuseme pedi imepita salama. Imekwenda wapi? Imekwenda kwenye pampu za majitaka, ambazo huziba kwa vitu hivyohivyo: pedi, tamponi, vitambaa vya kufutia. Ikivuka pampu, inanaswa na machujio ya mtambo wa kusafishia majitaka, ambako kuna wafanyakazi wa kuyahudumia machujio hayo. Kilichonaswa huko kwa kawaida hupelekwa kuchomwa. Kwa hiyo ile pedi imefika kwenye moto uleule ambao gari la taka lingeifikisha, ila imepita njia ndefu, ya gharama, na mikononi mwa watu wengi zaidi. Na pale pampu inapokwama au mvua kubwa inapozidi uwezo wa mabomba, majitaka hufurika bila kusafishwa hadi kwenye maziwa na Bahari ya Baltiki. Ndiyo maana watoa huduma ya maji nchini hapa wanarudia kanuni moja mwaka hadi mwaka: chooni ni mkojo, kinyesi na karatasi ya chooni, basi. Na ndiyo maana tangu Julai 2021 Umoja wa Ulaya unataka pakiti za pedi na tamponi zenye plastiki ziwe na alama inayokataza kuzitupa ovyo, pamoja na picha ya kasa. Ipo kwenye pakiti tunazonunua. Tuitazame.

Najua jibu litakalokuja: mama zetu walitufundisha kusitiri, na mama zetu hawakuwa wajinga. Kweli kabisa, hawakuwa wajinga. Somo aliyemfunda mwari pwani alimfundisha juu ya kitambaa. Kitambaa kilifuliwa, kikaanikwa mahali pa staha, kikatumika tena mwezi uliofuata. Hakikutupwa, na maji yaliyokifua yalinywewa na ardhi. Mafunzo yale yalikuwa sahihi kwa kitu kile. Kilichotupotosha ni sisi kuyahamishia kwenye plastiki, kisha kwenye choo cha kuvuta maji, bila kujiuliza kama bado yanafaa. Hata choo cha shimo hakikuwa na uwezo tunaousifia. Pedi zinazotupwa humo haziozi kama kinyesi, zinajaza shimo kabla ya wakati wake, na anayekuja kulinyonya anazikuta zote.

Wengine wana hofu ambayo hawaitamki mbele ya Waswidi: kwamba damu ya hedhi ikiangukia mikononi mwa mwenye husuda, mwanamke atafungwa kizazi. Sitawadharau wanaoogopa, maana nimeona hofu hiyo inavyowakosesha wanawake usingizi. Ninachowaambia ni hiki. Anayeogopa kufanyiwa uchawi anataka damu ipotee bila mtu kuigusa. Basi mfuko uliofungwa, ukatiwa ndani ya mfuko mwingine wa taka na kushindiliwa garini pamoja na taka za mtaa mzima, haumtambulishi mtu. Uswidi imepiga marufuku tangu 2002 kufukia jalalani taka zinazoweza kuungua, kwa hiyo taka hizo huishia kwenye mitambo inayozichoma ili kupasha nyumba joto na kuzalisha umeme. Moto ambao bibi alikuwa akiukoka nyuma ya nyumba kwa siri, hapa upo usiku na mchana. Ukiitupa pedi chooni ndipo unapoikabidhi kwa fundi usiyemjua.

Wapo pia wanaoosha pedi mpaka iwe nyeupe kabla ya kuitupa, wakiamini ni sharti la twahara. Twahara ni ya mwili, nguo na mahali pa kuswalia. Pedi inayokwenda kwenye taka haiswaliwi nayo. Kuiosha kunaweza kuipasua, ile jeli ikaingia kwenye sinki na bomba, na tunarudi kulekule kwa jirani wa chini.

Wala tusijifariji kwamba kutia pedi pipani ni mambo ya Waswidi wasio na haya. Mwaka 2017 michoro ya msanii wa Kiswidi Liv Strömquist iliyoonyesha wanawake wenye damu ya hedhi iliwekwa katika kituo cha treni za chini ya ardhi cha Slussen, Stockholm, na wapo wenyeji waliochukizwa nayo hadharani. Aibu hii haina taifa. Lakini mtu anaweza kuona haya na bado akawa na pipa bafuni.

Staha ninaitetea. Inahitaji vitu vichache tu: pipa dogo lenye kifuniko karibu na choo, na mfuko mdogo ndani yake. Pedi ikunjwe kwa ndani, ifungwe kwa karatasi ya ile pedi mpya, iingie pipani. Mfuko ufungwe na utolewe mara kwa mara, hasa wakati wa joto, hadi chumba cha taka, kwenye pipa lililoandikwa Restavfall, yaani taka zinazobaki baada ya kutenganishwa. Usiitie kwenye mabaki ya chakula, kwa sababu hayo hutengenezwa gesi na mbolea. Usiitie kwenye plastiki, kwa sababu pipa hilo ni la vifungashio. Ukifuata haya hakuna harufu, hakuna anayeona, na hakuna bomba linaloziba.

Pipa la bafuni liwe la nyumba nzima, na baba na wavulana walitoe kwa zamu kama taka nyingine. Mvulana anayejua kwamba dada yake ana siku zake, na anayefunga mfuko bila kucheka, amelelewa vizuri kuliko aliyefichwa kila kitu. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, na sisi tumewaficha watoto wetu mpaka wakajifunza kwa kubahatisha.

Wabunge wa Kenya waliliona suala hili la kutupa pedi mapema kuliko wengi wetu. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2017 hayakuishia kuwaahidi wasichana wa shule za umma pedi za bure. Yaliitaka serikali pia iweke njia salama ya kuzitupa, isiyoharibu mazingira. Sehemu ya kwanza ndiyo iliyopigiwa makofi na kupigwa picha. Ya pili haizungumzwi, kwa sababu hakuna mwanasiasa anayetaka kupigwa picha kando ya pipa la taka. Na sisi tumefanya vivyo hivyo majumbani. Tunamnunulia binti pedi nzuri, tunamwambia ajifiche, halafu hatumwambii aipeleke wapi.

Basi tumwambie, kwa sauti ya kawaida, kabla ya hedhi yake ya kwanza. Na kama bafuni kwenu hakuna pipa lenye kifuniko, linunuliwe wiki hii, hata kwa ajili ya mgeni wa kike anayekuja kunywa chai na anayeona haya kuuliza. Nyumba inayomlazimu mgeni achague kati ya kuziba bomba la watu na kurudi kwake na pedi mkobani haijamkirimu.