Goti la Akhwari lisiwe kocha wa vijana wa Digodigo

Winga anapokimbilia mpira halafu ghafla akashika nyama za nyuma ya paja, uwanja mzima unajua kilichotokea. Daktari wa timu anaingia mbio na begi lake, kocha anageukia benchi, ubao wa mabadiliko unanyanyuliwa. Jioni vijiweni ubishi ni mmoja tu: atakaa nje wiki tatu au sita?

Hakuna shabiki anayemwita winga huyo mwoga kwa sababu katoka. Tena akirudishwa uwanjani kabla hajapona, anayetukanwa ni kocha.

Sasa jambo hilo hilo lihamishwe kutoka uwanjani hadi barabarani. Mkimbiaji wa mbio ndefu anaanza kusikia maumivu ya ugoko kilometa ya 12. Hana daktari, hana benchi, hana sub. Akiamua kuacha, maneno yanaanza: huyu kijana hana moyo bwana, mbona Akhwari alimaliza na goti bovu?

Hapo ndipo Tanzania inapojipiga chenga yenyewe. Hadithi kubwa kuliko zote za riadha ya nchi hii imegeuzwa kuwa programu ya mazoezi, na wanaoilipia ni vijana wa vijijini ambao mwili ndio mtaji wao pekee.

AKHWARI ALIKUWA NA SIKU MOJA

Oktoba 20, 1968, John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Misuli ilimbana, akaanguka, goti likateguka na bega likaumia. Akafungwa bandeji, akaendelea.

Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3:25:27, giza limeshatanda, akiwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Jibu lake kwa waandishi linajulikana dunia nzima: nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza.

Heshima hiyo haiguswi. Lakini ile ilikuwa Olimpiki, mashindano yanayokuja mara moja kwa miaka minne, na bendera ya taifa changa ilikuwa kifuani. Ni sawa na beki aliyepasuka kichwa kwenye fainali, akafungwa kitambaa na kurudi kupiga dakika kumi za mwisho. Hakuna kocha mwenye akili anayemwambia beki huyo acheze hivyo kila Jumapili.

Tena kuna kipande cha hadithi ambacho husahaulika. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari alimaliza marathoni akiwa wa tano. Goti lililoteguka halifiki huko bila kupona kwanza. Kwa hiyo anayetaka kujifunza kwa Akhwari ajifunze yote mawili: kuvumilia siku ya siku, na kupona ili kuwe na siku nyingine.

MAPAFU YANAWAHI, MIFUPA INACHELEWA

Digodigo ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro, kwenye nchi ya Wasonjo, kaskazini mwa Mkoa wa Arusha. Lami ya kilometa 49 kutoka Waso hadi Sale imeifungua sehemu hiyo. Kwa mkimbiaji, barabara hiyo ni marathoni nzima na chenji ya karibu kilometa saba.

Mchukue kijana yeyote wa huko, wa kike au wa kiume, anayesikia kwamba Karatu kuna nusu marathoni yenye zawadi. Zimebaki wiki tatu. Miguu anayo, maana kwenda shule, mtoni na malishoni kwake ni kwa miguu tangu utotoni. Anaingia kwenye lami na kukimbia kwa nguvu zote kila asubuhi, siku saba kwa wiki. Wiki ya pili anajisikia fresh kabisa, pumzi haikati tena kwenye mlima.

Kumbe huo ndio mtego. Moyo na mapafu huzoea mazoezi ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huhitaji miezi. Pumzi inamwambia aongeze, ugoko haujawa tayari. Mfupa unaopigwa kila siku bila nafasi ya kujijenga huanza kuingia ufa mdogo, na ufa huo haujui kwamba Jumapili kuna zawadi.

Dalili zake si siri. Maumivu ya misuli iliyochoka husambaa, na mara nyingi hupungua mwili ukipata moto. Maumivu ya mfupa hukaa sehemu moja inayoweza kuguswa kwa kidole, huongezeka kadiri mtu anavyokimbia, na yakizidi humfuata hadi kitandani. Ya namna hiyo si ya kukaza meno. Ni ya kusimama, kwenda hospitali na kukaa nje ya mbio kwa wiki sita hadi nane, pengine zaidi. Mkimbiaji anayejilazimisha hugeuza wiki hizo kuwa msimu mzima.

Kwa wasichana kuna taarifa nyingine ambayo wengi huionea aibu. Mkimbiaji anayefanya mazoezi makali, anakula kidogo, na hedhi ikakata kwa miezi kadhaa, mifupa yake iko hatarini. Hilo si jambo la kunong'onezana bwenini, ni jambo la kumwambia mwalimu na daktari.

Halafu kuna vidonge. Diklofenaki imekuwa kama mchezaji wa akiba wa kila mtu: goti likiuma, kimoja asubuhi kabla ya mbio. Dawa hiyo haiponyi mfupa, inazima king'ora tu huku nyumba ikiendelea kuungua. Na kuimeza mwili ukiwa umekaukiwa maji kwenye jua la kilometa 21 ni kuziweka figo kwenye mtihani ambao hazikuombwa kuufanya.

Kinga yake haihitaji fedha nyingi. Kati ya siku tano za kukimbia, nne ziwe za mwendo wa taratibu, ule ambao mtu anaweza kupiga stori na mwenzake bila kuhema. Siku moja ndiyo ya kasi. Kilometa ziongezwe kidogo kidogo, na kila baada ya wiki tatu au nne zipunguzwe ili mwili ujijenge. Mazoezi mengi yafanyike kwenye udongo wa pembeni, lami ibaki kwa siku chache. Kano ya kisigino huimarishwa kwa kusimama ukingoni mwa jiwe au ngazi, kisha kushusha visigino polepole na kuvipandisha, kila siku. Anayeuguza mguu na bado anataka kulinda pumzi ana baiskeli, mradi haimletei maumivu.

Na sheria moja ya kukumbuka hata bila daktari: maumivu yakishabadilisha namna unavyokanyaga, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha.

MFEREJI WA WASONJO UNAFUNDISHA KASI

Kuhusu kugawa nguvu ndani ya mbio, watu wa Digodigo hawana haja ya mwalimu kutoka Ulaya. Wasonjo wamelima kwa mifereji kwa vizazi vingi, na maji yao yana wazee wanaoyasimamia na zamu zinazofuatwa. Anayefungulia maji yote shamba la kwanza anajua kitakachotokea kwa shamba la mwisho.

Mbio ndefu ni hivyo hivyo. Hesabu yake ni nyepesi. Kijana mwenye uwezo wa kukimbia nusu marathoni kwa dakika 70 anatakiwa kwenda kwa dakika 3 na sekunde 19 hivi kila kilometa. Watu wanampigia makelele pale kwenye mstari, anatoka kwa dakika 3 kamili. Baada ya kilometa tano ana faida ya sekunde 95, anajiona bingwa. Kilometa sita za mwisho miguu inagoma, anaburuza kwa dakika 3:50. Hapo amepoteza sekunde 186. Faida yote imekwenda, na deni la dakika moja na nusu limebaki. Mbaya zaidi, kilometa hizo sita amezikimbia kwa mwendo ulioharibika, mguu ukitua vibaya, na huko ndiko majeraha mengi huingilia.

Hata wakubwa wameonja. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3:32.16, akiongoza kuanzia mbele. Ule ulikuwa mtindo wake na dunia iliuogopa. Lakini kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, alifungua pengo kubwa mno, na mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita. Bayi akachukua fedha. Fedha hiyo ni fahari ya taifa mpaka leo, ila somo lake ni la dhahabu.

Upande wa pili yupo Kelvin Kiptum wa Kenya, marehemu. Alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:00:35 Chicago mwaka 2023, nusu ya kwanza alitumia dakika 60:48, ya pili 59:47. Yaani alikimbia haraka zaidi akiwa amechoka, kwa sababu mwanzoni alikataa kutumia vyote.

Na yupo wa nyumbani kabisa. Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha. Saa 2:09:48, sawasawa na Amanal Petros wa Ujerumani, wakatenganishwa na picha ya mstarini. Kilometa 42 zote, na Simbu aliipata ile hatua ya mwisho kwa sababu hakuwa ameitumia kwenye ile ya kwanza.

SUBIRA INA MSHAHARA

Hapa ndipo wenye mamlaka wanapoguswa. Simbu ni askari wa JWTZ. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston, kisha marathoni yake kubwa iliyofuata ikawa Tokyo, karibu miezi mitano baadaye. Mtu mwenye mshahara anaweza kusubiri miezi mitano. Anaweza kuugua, akapona, akarudi.

Kijana wa Digodigo hawezi. Mchezaji wa Ligi Kuu akiumia, mkataba wake unaendelea kusoma na klabu ndiyo inayomtibu. Mkimbiaji asiye na klabu akiumia, mapato ni sifuri na nauli ya kwenda kuonana na mtaalamu wa viungo Arusha mjini ni yake. Kumwambia apumzike wakati zawadi ya Jumapili ndiyo ada ya mdogo wake ni kumpigia gitaa aliyefiwa. Anakimbia akiwa majeruhi kwa sababu hesabu ya nyumbani inamlazimisha, na kipaji kinakufa kimya kimya akiwa na miaka 22.

Basi hesabu hiyo ibadilishwe. Waandaaji wa mbio, ambao sasa wapo karibu kila mkoa, waache kuona kazi yao ni fulana, medali na msanii wa jukwaani. Kila mbio yenye zawadi iwe na hema la mtaalamu wa viungo anayewapima wakimbiaji wa vijijini bure siku moja kabla, mwenye ruhusa ya kumwambia mtu wewe kesho hukimbii. Na zawadi zisiishie kwa watatu wa juu. Zikifika hadi nafasi ya 15, kijana hatalazimika kujiua kila wiki kusaka nafasi ya tatu.

Riadha Tanzania na halmashauri nazo zina la kufanya. Vipaji vinaonekana kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, halafu mtoto anarudi kijijini na cheti. Walimu wa michezo wa Digodigo, Sale na Samunge wafundishwe mambo matatu tu: kupanga wiki ya mazoezi, kugawa kasi, na kuutambua mguu unaohitaji daktari. Hiyo ni semina ya siku chache, haihitaji uwanja wa mabilioni.

Mashabiki wa mpira nao wana sehemu yao, kwa kuwa ndio wengi na ndio wenye sauti. Wameshazoea kudai mshambuliaji wao apumzishwe anapochechemea, na kumkaanga kocha anayemlazimisha. Huruma hiyo hiyo, na ukali huo huo, uwafikie wanaokimbia barabarani bila jezi ya Simba wala ya Yanga. Mara nyingine mkimbiaji akiachia njiani huku ameshika ugoko, swali la kwanza lisiwe kwa nini hakumaliza. Liwe nani alikuwa anamtazama mguu wiki zote zilizopita.