Saa ya Msikiti Nayo ni Amana

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), aliyelijaalia jua na mwezi kwenda kwa hesabu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu Waislamu, kila msikiti una saa yake ya ukutani, na aghalabu saa hizo hazikubaliani. Msikiti mmoja huadhini Magharibi, wa jirani huadhini dakika tatu baadaye, na familia iliyofunga imeshika tende mkononi haijui imfuate nani. Wapo wasemao kuwa dakika tatu si kitu. Kwa hao natoa mfano wa kompyuta kubwa za mabenki, ziitwazo meinifremu.

Ndani ya meinifremu za IBM mna saa inayohesabu muda tangu tarehe 1 Januari 1900, kwa vipande vidogo kuliko sehemu moja ya milioni ya sekunde. Pamoja na hayo, huendeshwa na fuwele inayotetema, kama saa nyingi za mkononi, na kila fuwele hatimaye hutangulia au huchelewa. Benki kubwa hutumia meinifremu kadhaa zinazoshirikiana daftari moja. Saa zake zikihitilafiana, fedha iliyotolewa itaonekana imetoka kabla haijawekwa. Na mitambo ikiharibika, kumbukumbu zikipangwa upya kwa wakati ulioandikwa, haki za watu zitachanganyika.

Kwa hiyo wahandisi hawaiachi meinifremu ijiamini. Utaratibu wa IBM uitwao Server Time Protocol huzifungamanisha zote na saa moja, na hiyo nayo hulinganishwa na chanzo cha nje kinachofuata wakati wa dunia, utokanao na mamia ya saa za atomiki. Iliyotangulia hairudishwi nyuma, kwani muda uleule ungeandikwa mara mbili. Hupunguzwa mwendo polepole, na kusahihisha sekunde moja huchukua takribani saa saba.

Uangalifu huu si mgeni kwetu. Katika karne ya 14, Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus ulikuwa na muwaqqit, yaani mwanachuoni aliyekabidhiwa nyakati za Swala. Mmoja wao, Ibn al-Shatir, alitengeneza saa ya jua kwa ajili ya mnara wa msikiti huo mwaka 1371.

Basi ikiwa wenye mabenki huchunga sehemu ya sekunde kwa ajili ya mali, vipi sisi tupuuze dakika kwa ajili ya nguzo za dini? Swala tumefaradhishiwa kwa nyakati maalumu (An-Nisaa: 103). Na mwenye kufuturu kabla ya jua kuchwa kwa kudanganywa na saa, wanazuoni wengi wamesema ailipe siku hiyo. Mwadhini amebeba amana ya funga za watu.

Rai yangu ni kuwa kila kamati ya msikiti imteue mtu mmoja alinganishe saa kila Ijumaa na simu inayojirekebisha kwa mtandao, na misikiti ya mtaa mmoja ikubaliane ratiba moja ya mji wao. Wazazi nao wafanye hivyo majumbani, watoto wakiona.

Nyoyo zetu pia hupotoka kidogo kidogo bila ya wenyewe kuhisi, na Swala tano ndizo zinazozirekebisha. Ataswalije kwa wakati asiyejali saa yake?

Wabillahi tawfiq.