KONA YA FUNDI: Sanduku la kuchezea kadi za michezo

Leo hatufungui redio wala pasi. Tunasema juu ya mchezo. Najua kuna baba mmoja atauliza: "Mchezo tena? Batoto habana kazi?" Baba, vumilia kidogo. Kazi ya mwezi huu ni kazi ya umeme kabisa, na mwipwa wangu amekwisha kuilipia bei.

Mwipwa huyo, mtoto wa dada yangu, anakaa Liège, kule Ubelgiji. Anafanya kazi mu depo moja ya mizigo. Siku moja, ku soko la vitu vya zamani, aliona kadi ya elektroniki, kubwa kama sinia, imejaa vumbi. Muuzaji akamwambia ni mchezo wa kupigana, ule watu walicheza mu bare mu miaka ya 1990. Mwipwa akatoa mshahara wa siku nne. Akaipeleka nyumbani, akaiweka juu ya meza, kisha akanipigia simu: "Mujomba, niko na mchezo, lakini sina namna ya kuucheza."

Mbele ya yote tuelewe kitu chenyewe. Mashine za michezo za mu bare zilikuwa makabati marefu kama mtu. Mwaka 1978 kampuni Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, mwaka 1980 Namco ikatoa Pac-Man, na mwaka 1991 Capcom ikatoa Street Fighter II. Mchezaji anasimama mbele ya kabati, anatia franka, anacheza mpaka anashindwa. Inje unaona mbao na kioo, lakini mchezo hauko mu mbao wala mu kioo. Uko mu kadi iliyofungwa ndani. Watu wakichoka na mchezo, mwenye bare hatupi kabati: anatoa kadi, anatia nyingine. Kisha michezo ya kuchezea nyumbani ikaenea, na makabati mengi yakavunjwa. Kadi zikabaki, juu hazichukui nafasi kubwa. Lakini viwanda haviziundi tena. Iliyoungua imeungua, na ile inayofuata utaitafuta kwa watu. Neno hili mulikumbuke.

Kabati nzima inaweza kufika kilo mia moja, na mwipwa anakaa ku etaje ya tatu. Ndiyo maana wenye kupenda kadi hizi, kule Ulaya, Marekani na Japani, wanajijengea sanduku dogo lenye kufanya kazi yote ya kabati. Linatoa umeme kwa kadi, linapeleka picha ku televizyo, linapokea mikono ya mchezaji. Wazungu wanaliita supergun, maana yake bunduki kubwa. Musiogope, ni jina tu. Mimi sikuona bunduki ndani.

Sanduku moja linawezaje kutosha kwa kadi za kampuni nyingi? Zamani halikuweza. Kila kadi ilikuwa na mpango wake, na fundi alirudilia waya zote kila mara. Mwaka 1985 chama cha viwanda vya mashine hizi kule Japani, kinachoitwa JAMMA, kikatoa mpango mmoja. Ku ukingo wa kadi kuna meno 56 ya shaba: 28 upande wa vipande na 28 upande wa malehemu. Toka jino mpaka jino ni milimetri 3,96. Jino la 1 na la 2 ni masi, njia ambayo umeme wote unarudilia. La 3 na la 4 ni volti 5. La 5 ni volti 5 za chini ya ziro. La 6 ni volti 12. Upande wa pili, mambo ni yaleyale mpaka hapo. Mbele yake kunafuata sauti, rangi za picha, pesa, fimbo na vifungo vya kufinya.

Niliruka jino la 7. Hapo hapana umeme. Kadi imekatwa kidogo, na ndani ya konekteri kunakaa kipande cha plastiki kama ukucha. Kazi yake ni moja tu: kuzuia kadi isiingie kichwa chini.

Mwipwa alinunua konekteri yenye waya zake, iliyotoka mu kabati la zamani, na ukucha ule ulikuwa umepotea. Hakujua. Alifanya kazi mpaka usiku, akatia kadi, akawasha. "Mujomba, niliona moshi kidogo karibu na meno, kisha harufu." Kadi ilikuwa imeingia kichwa chini. Fanyeni hesabu ninyi wenyewe: ukigeuza meno 28, la kwanza linakutana na la 28, la pili na la 27, na la 6 linaangukia la 23. La 6 ni volti 12. La 23 ni kifungo cha pili cha mchezaji. Njia ile ilizoea volti 5 tu, ikapigwa na 12.

"Ulipima mbele ya kutia kadi?"

"Hapana, Mujomba. Nilikuwa na haraka ya kuona picha."

Sikumkaripia sana. Mimi nilipokuwa kijana mu atelie ya umeme niliunguza moteri kwa haraka ileile, na mkubwa wangu hakuniambia neno lolote siku mbili nzima. Ingekuwa afazali anitukane.

Ilipita miezi saba mbele mwipwa hajapata kadi nyingine ya mchezo ule. Bei ilikuwa mara mbili. Safari hii tulijenga pamoja, yeye kule na mimi hapa, kwa picha za telefone.

Tulianza na umeme. Alichukua alimentasyo ya ordinatere ya zamani. Waya nyekundu ni volti 5, ya njano ni volti 12, nyeusi ni masi. Ili iwake, unaunganisha waya ya kijani na moja nyeusi. Alimentasyo za zamani zilikuwa pia na waya nyeupe ya volti 5 za chini ya ziro. Za sasa hazina. Kadi nyingi za miaka ya 1990 haziihitaji, lakini zingine za mbele yake zinakosa sauti bila hiyo. Vijana, musifungue alimentasyo yenyewe. Ndani kuna vipande vinavyoshika umeme hata ukiisha kuchomoa prizi, na vinaweza kuua.

Kadi moja inaweza kunywa ampere tatu, hata tano, na karibu zote zinapita ku volti 5. Kwa hiyo waya iwe nene, na meno yote ya volti 5 na ya masi yalehemiwe. Wavivu wanalehemu moja tu. Jino lile linapata moto, plastiki inageuka kahawia, na siku moja mchezo unaanza kuzima peke yake. Mwenyewe anasema kadi ni mbovu.

Hapo nikaweka sheria: sanduku liishe lote, kisha liwashwe bila kadi. Kwa kuwa alimentasyo zingine zinakataa kufanya kazi bila mzigo, tulifunga taa moja ya gari ku volti 5. Halafu multimetre: mkono mweusi ku masi, mwekundu unapita ku jino moja moja, yote 56, na kila nambari inaandikwa ku karatasi. Mwipwa alinung'unika. Ilimchukua saa nzima. Ku jino la 5, ambalo lilipaswa kuwa tupu, akasoma 12. Waya ya njano ilikuwa imelehemiwa jino moja kando.

Ku simu alinyamaza, akasema tu: "Mujomba, njo ingekufa tena."

Ukucha aliukata ku kadi ya plastiki ya magazini, akaubandika na gundi ku nafasi ya 7. Tena nikamwambia aandike JUU kwa wino mweupe ku konekteri, upande wa juu. Jambo la kitoto, lakini usiku linasaidia.

Sasa picha. Kadi haitoi picha kama antena. Inatoa nyekundu, kijani na buluu, kila rangi ku waya yake, pamoja na alama moja inayoambia kioo mstari unaanzia wapi. Mistari ni elfu kumi na tano na zaidi kwa sekunde. Kioo cha kawaida cha ordinatere kinataka elfu thelathini na moja, hivyo hakionyeshi kitu. Lakini televizyo kubwa za zamani za Ulaya zinafaa sana, juu ziko na prizi ya péritel, ile pana ambayo Wafaransa waliibuni. Mwipwa alipata moja iliyotupwa kando ya njia, akaipandisha na jirani mpaka etaje ya tatu. Walipumzika mara tano.

Mu péritel nyekundu inaenda ku 15, kijani ku 11, buluu ku 7, na alama ya mistari ku 20. Ku 16 unatia volti 5 kupitia rezistansi ya om 180, ili televizyo ijue kwamba rangi zinakuja mbalimbali. Lakini rangi zenyewe usizilehemu moja kwa moja. Kadi inazitoa kwa nguvu ya kabati, na televizyo inangojea volti 0,7 tu. Bila rezistansi ku kila rangi, picha inawaka kupita kiasi, na unaweza kuharibu televizyo. Na kama televizyo imekufa, musiifungue ku nyuma. Ndani ya televizyo ya rangi kunapita zaidi ya volti elfu ishirini.

Juu ya sauti sina mengi. Kadi inaitoa ikiwa imekwisha kuongezwa nguvu, tayari kwa spika. Tia spika ndogo ndani ya sanduku, waya mbili tu, na usiunganishe hata moja na masi, juu kuna kadi zisizopenda jambo hilo.

Vifungo ni rahisi kupita yote. Kila kimoja kina waya mbili, moja inaenda ku jino lake, nyingine ku masi. Ukifinya unafunga njia, kadi inaelewa. Hata pesa ni vilevile: jino la 16 lilikuwa linangojea franka ianguke, sasa linangojea kidole. Nilicheka sana. Mtu anaweza kuwa alimaliza mshahara ku mashine hizi, na mashine yenyewe haikujua tofauti ya franka na waya.

Sanduku lenyewe ni la tripleksi. Matundu ya vifungo vya kuchezea ni milimetri 30, ya kile cha kuanzisha ni 24. Kadi haikai juu ya chuma hata kidogo, kwa sababu upande wa malehemu ni umeme mtupu; inasimama juu ya miguu ya plastiki, na pembeni kuna matundu ya hewa.

Kama kuna kijana ana ndugu kule na anafikiri kununua kadi, aulize mbele kama ina betri. Zile za Capcom za aina CPS-2, zilizoanza mwaka 1993, zinashika ufunguo wa mchezo kwa nguvu ya betri. Betri ikiisha, mchezo unakataa kuwaka. Leo kuna mafundi wanaojua kuurudisha, lakini muuzaji hatakuambia.

Siku ya kutia kadi, mwipwa alinipigia mbele ya kuwasha. Nikamwambia apime tena volti 5, lakini ku kadi yenyewe, siyo ku alimentasyo. Aliwasha. Ku alimentasyo ilikuwa 5,04. Ku kadi, 4,68. Njia nzima ilikuwa inakula umeme, na kadi hizi hazipendi kushuka chini ya 4,75. Kioo kilikuwa na rangi zimechanganyika, hakuna mchezo. Sauti yake ikaanza kutetemeka: "Mujomba, imekufa?" Nikamwambia azime, abadilishe waya mbili zile kwa nene zaidi, azifupishe. Ikatoka 4,93. Picha ikasimama.

Alinitumia video fupi. Binti yake wa miaka sita anampiga baba yake, anapiga kelele, na mama anauliza ku nyuma kama chakula kitakula nani. Wanacheza na ngumi tu. Mchezo ule unataka vifungo sita kwa kila mtu, na mpango wa JAMMA unatoa vitatu. Vile vya mateke vinapita ku konekteri nyingine ndogo, pembeni ya kadi. Ameiagiza, haijafika bado.